Mpini unaowaka ukishikwa: kisa cha otoskopu ya OPD

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, chai haijashuka vizuri, simu ya karakana ikalia. "Fundi, ile ya masikio imekufa tena." Neno zito hapo ni "tena". Sikuuliza kitu. Nilichukua betri mbili za ukubwa wa C kabatini, nikavuka uwanja kwenda OPD, kitengo cha wagonjwa wa nje, nikafungua droo ya chumba cha tatu. Otoskopu ilikuwa imelala juu ya karatasi za maabara, pete yake ya swichi imegeuzwa mpaka mwisho. Mtu aliitumia Jumamosi kama saa nne usiku, akairudisha ikiwa inawaka, akafunga droo. Mpaka Jumatatu saa moja ni saa 33. Hakukuwa na cha kuwaka tena.

Hospitali hiyo ya wilaya siitaji jina, na aliyeisahau simtafuti, maana wiki nyingine huwa ni mimi. Kinachonishughulisha ni mpini. Kazi iliyoanza kama kubadilisha betri iligeuka miezi ya kuunda mpini unaojiwasha, na karibu kila kosa tulilofanya lilikuwa na sababu inayoelezeka.

Kwa asiyekijua chombo: otoskopu ina kichwa chenye kioo cha kukuzia, ncha ya plastiki inayoingia sikioni ambayo wengi tunaiita spekulamu, balbu, na mpini wa kubebea betri. Huu wetu ni wa shaba nyeupe iliyopakwa kromu, unene kama mpini wa jembe la mtoto. Kuwasha, unabonyeza kitufe kidogo kilicho shingoni kwa gumba, kisha unazungusha pete. Ukizungusha zaidi mwanga unaongezeka. Kuzima, unairudisha pete mpaka isikike "tik". Tangu Francis Welch na William Noah Allyn walipoanza biashara yao kule New York mwaka 1915 wakiweka taa ndani ya kifaa chenyewe cha kutazamia jicho, badala ya kutegemea taa ya pembeni kama alivyolazimika Mjerumani Helmholtz, mbunifu wa kifaa hicho, mwaka 1851, mpangilio haujabadilika sana: betri chini, swichi katikati, macho juu.

Sasa tazama mtu anavyoitumia. Mtoto wa miaka miwili yuko mapajani kwa mama yake, analia. Tabibu anavuta sikio la mtoto kwa mkono mmoja, chini na nyuma (kwa mtu mzima ingekuwa juu na nyuma), ili mfereji unyooke. Mkono wa pili una otoskopu. Akimaliza, ule mkono wa sikio unakwenda kwenye faili au unapokea pipi ya mtoto iliyoanguka. Kuzima kunataka gumba na kidole cha shahada vishirikiane kwenye pete ngumu, na chombo kimeshaanza kuteremka mezani. Juu ya hayo, mwanga unatokea kwenye tundu la milimita tatu au nne lililoelekezwa mbali na macho ya mtumiaji. Chumba chenye madirisha mchana, huwezi kuona kwamba unawaka. Chombo kinaficha hali yake chenyewe, halafu tunamlaumu mtu kwa kusahau.

Nilipokuwa nafunga kifuniko cha betri, muuguzi mkuu wa zamu, mama mwenye miaka yake kazini, alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hivi wewe fundi, si uifanye iwake ikishikwa, izime ikiachwa? Mbona simu yangu inajua nikiigusa?"

Sentensi mbili, na ndani yake vitenzi viwili tofauti. Alisema ikishikwa kwa otoskopu, akasema nikiigusa kwa simu. Mimi nilirudi karakana na kimoja tu, kile cha simu, na kosa hilo liligharimu wiki nyingi.

Majaribio ya mwanzo

Jambo la kwanza nililofanya ni la aibu kidogo. Nilichukua mpini mbovu kwenye sanduku la vyuma chakavu, nikaufunika bomba la PVC la inchi moja, nikabandika juu yake tepu mbili za shaba zilizokaribiana, na transista. Ukiziba pengo kwa ngozi, umeme kidogo mno unapita kwenye ngozi na transista inafungua balbu. Ni saketi ya watoto wa sekondari. Mezani iliwaka. Nikampelekea kijana wa mazoezi anayesomea utabibu, akavaa glovu, na chombo kikawa kuni. Mpira wa glovu hauruhusu umeme, na mikono mikavu ya msimu wa baridi nayo inafanya vibaya. Jaribio la siku moja, likaenda takatakani.

Basi tukaenda kwenye njia ya simu. Kihisi cha mguso cha simu hakihitaji umeme upite kwenye ngozi. Kinapima kapasitansi, yaani kiasi cha chaji ambacho bamba la shaba linaweza kubeba kwa volti fulani. Mwili wa binadamu umejaa maji na chumvi, kwa hiyo ukisogeza kidole karibu na bamba, hata kama katikati kuna plastiki, bamba linaanza kubeba chaji zaidi. Kuna vichipu vidogo vya bei ya soda vinavyohesabu tofauti hiyo na kutoa jibu la ndiyo au hapana. Vinakula mikroampea chache tu.

Hesabu yake ni rahisi na inafaa kufanywa kabla ya kushika koleo. Kidole kinagusa eneo la kama sentimita moja ya mraba. Plastiki ina unene wa milimita 2 na uwezo wa kupitisha uga wa umeme mara tatu ya hewa. Ukiweka kwenye kanuni ya mabamba mawili unapata kapasitansi ya takriban pikofaradi 1.3. Ni kidogo, lakini kichipu kinaiona. Sasa vaa glovu ya unene wa milimita 0.1. Umbali unakuwa milimita 2.1, jibu linashuka hadi kama 1.26. Vaa mbili, 1.2. Kitu nilichokiogopa zaidi, glovu, ndicho kilichokuwa kidogo kuliko vyote. Wenzangu walinibishia mpaka walipojaribu.

Mpini wenyewe wa chuma ni habari nyingine. Bamba likiwekwa ndani ya mpini wa kromu halioni kitu nje, kwa kuwa chuma kinalizingira kama ukuta. Ilibidi bamba likae nje ya chuma na ndani ya plastiki: chuma, tabaka la kuhami, tepu ya shaba, halafu bomba la PVC kama gamba la nje. Mpini ulinenepa kwa milimita kadhaa. Wanawake wenye mikono midogo walilalamika mara moja, na walikuwa na haki. Tukatafuta bomba jembamba zaidi na kulikwangua.

Halafu likatokea lile linalowapata wote wanaojifunza kazi hii. Mezani, saketi ikiwa kwenye chanzo cha umeme cha karakana, mguso mdogo tu uliiwasha. Tukaweka betri, tukafunga, ikawa nzito kama mlango uliovimba kwa mvua. Unagusa, haiitikii. Unakandamiza, inaitikia. Tulibadilisha kichipu mara mbili bure. Sababu ilikuwa hii: kihisi hakipimi kidole peke yake, kinapima njia nzima ya chaji kutoka kwenye bamba, kupitia mwili wako, kwenda ardhini, na kurudi kwenye saketi. Kwenye meza saketi ilikuwa imefungamana na waya wa ardhi wa jengo, njia ya kurudi ikawa pana. Kwenye betri chombo kinaelea hewani, njia ya kurudi ni nyembamba. Dawa yake tuliipata kwa kuacha ukanda wa chuma uliounganishwa na hasi ya betri kwenye sehemu ya chini ya mpini, pale kiganja kinapokaa. Mkono ukigusa ukanda huo na kukaribia bamba kwa wakati mmoja, njia inakamilika kupitia mkono wenyewe. Tangu siku hiyo sijaribu tena kitu cha betri kwa umeme wa ukutani.

Siku ya sikio la mpira

Hatukutaka kukijaribu kwa wagonjwa, wala haturuhusiwi. Kifaa tiba kilichobadilishwa si kile kilichosajiliwa, na Tanzania kazi ya kusimamia vifaa tiba ni ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kwa hiyo tulitumia sikio la mpira la kufundishia, tukalifunga kwa bendeji kichwani kwa yule kijana wa mazoezi, na kumwambia awe mtoto wa miaka miwili. Aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Alilia, akapiga miguu, akageuza kichwa kila spekulamu ilipokaribia.

Kichipu tulikuwa tumekiweka katika hali ya kupokezana: gusa iwake, gusa tena izime. Niliona ni jambo la akili, maana mtu hahitaji kushika muda wote. Tabibu wa zamu akachukua otoskopu, ikawaka. Akamkaribia "mtoto". Kijana akatikisa kichwa. Tabibu, kama alivyofundishwa, akageuza mshiko: mwanzoni alishika kama nyundo, mpini chini, sasa akashika kama kalamu, mpini ukielekea juu kando, na ubavu wa mkono wake ukaegemea shavuni kwa kijana ili kichwa kikiruka chombo kiruke nacho. Katika kugeuza, vidole viliachia bamba na kulishika tena. Taa ikazima, spekulamu ikiwa ndani ya sikio.

Hakusema neno. Aliitoa, akaiangalia, akaigusa ikawaka, akarudi. Kijana akatikisika, mshiko ukasogea, taa ikazima. Mara ya tatu akaniwekea otoskopu mkononi, akaniambia, "Fundi, hii inanichezea."

Nimeshuhudia vifaa vingi vikishindwa, lakini hilo lilinikaa. Swichi ya zamani ilikuwa na kosa moja, kubaki imewaka. Ya kwetu ilikuwa na kosa baya zaidi, kuzima wakati mtu ana plastiki ndani ya sikio la mtoto. Kwa otoskopu giza si kifo, lakini mtu aliyeingiziwa giza ghafla husukuma mbele kidogo kutafuta mwanga. Mbele ni kiwambo cha sikio.

Tukahamia hali ya moja kwa moja: ikishikwa inawaka, ikiachwa inazima baada ya sekunde tatu. Zile sekunde tatu ndizo zilizookoa kugeuza mshiko. Lakini bamba letu lilikuwa katikati ya mpini, na kwenye mshiko wa kalamu vidole vinakaa juu, karibu na shingo. Baada ya sekunde tatu, giza tena. Tulirefusha bamba kutoka shingoni mpaka karibu na kifuniko cha betri. Sasa ikawaka kwa kila mshiko.

Na kwa kila kitu kingine.

Ijumaa tuliuacha mpini huo wa majaribio kwenye chumba cha sindano, bila kichwa, na taa ndogo ya kuonyesha tu, ili wauguzi wauzoee. Jumamosi nikapigiwa. "Njoo uone ulichokifanya." Mpini ulikuwa umelazwa kwenye bakuli la stenlesi lenye umbo la figo, peke yake, hakuna mtu karibu, na unawaka kama mshumaa wa maulidi. Ukiutoa kwenye bakuli, unazima. Ukiurudisha, unawaka. Muuguzi mkuu alifanya hivyo mara nne mbele yangu, polepole, bila kutabasamu.

Bakuli la chuma ni bamba kubwa. Lina kapasitansi yake na vitu vinavyolizunguka, na kwa kichipu halitofautiani na kidole kipana. Tulikuja kuona orodha ya vitu vingine vyenye tabia hiyo: mfuko wa koti jeupe, kwa sababu paja liko nyuma ya kitambaa, kitambaa kibichi cha kufutia, kwa kuwa maji yanapitisha uga wa umeme karibu mara 80 ya hewa, na utando wa maji unaobaki baada ya kufuta, ambao unaunganisha eneo la bamba na ule ukanda wa chuma kama daraja. Mikono yenye jeli ya kutakasa nayo inaacha utando wake kwa sekunde kadhaa.

Hapo ndipo maneno ya mama yule yalinirudia. Simu inataka kujua kama imeguswa. Otoskopu inataka kujua kama imeshikwa. Kiswahili kinajua tofauti hiyo tangu zamani. Kitu unaweza kukigusa kwa bega ukipita, lakini kukishika ni lazima ukizungushie mkono. Nilikuwa nimejenga kifaa cha kugusa kwa mtu aliyeomba cha kushika.

Kutafuta mkono

Mkono unaoshika mpini una mambo matatu ambayo bakuli halina. Unauzunguka pande zote mbili. Unachukua eneo kubwa: kiganja na vidole vinaweza kufunika sentimita kumi za mraba au zaidi, na kwa hesabu ile ile ya juu hiyo ni pikofaradi 13 dhidi ya 1.3 za ncha ya kidole. Na unatembea. Hakuna binadamu anayeweza kushika kitu bila kukitikisa hata kidogo.

Tukakata bamba vipande viwili kwa urefu, kimoja kila upande, kila kimoja na mstari wake kwenye kichipu kidogo cha kupangia programu. Sharti la kwanza: pande zote mbili zione kitu. Chombo kikilala kwenye bakuli au meza, upande mmoja tu unaona. Mfukoni, paja liko upande mmoja. Sharti la pili: kiwango cha kuwasha kiwe juu ya ncha ya kidole na chini ya kiganja. Tulianza katikati na kushuka mpaka mkono mdogo kuliko yote OPD uliweza kuuwasha kwa mshiko wa kalamu, ambako ni vidole vitatu tu vinavyogusa. Sharti la tatu lilikuwa kihisi cha mwendo, kile kile kinachogeuza skrini ya simu. Tulikitumia kwa kuwasha tu: mpini lazima uwe umeinuliwa au kusogezwa ndani ya sekunde moja kabla. Kwa kuzima hakitumiki, maana tabibu aliyetulia kabisa akitazama kiwambo asije akaadhibiwa kwa kuwa na mkono imara.

Kitambaa kibichi bado kinauwasha, kwa sababu anayefuta anashika kweli. Hilo tuliliacha. Utando wa maji tuliushughulikia kwa kuruhusu kichipu kisogeze polepole kiwango chake cha "hakuna kitu", kikifuata hali ya hewa na unyevu. Hapa pana mtego ambao vichipu vingi vya bei rahisi vina ndani yake tayari: kikiona mguso mrefu, kinaamua kwamba huo ndio hali ya kawaida, kinajisawazisha, na taa inazima ukiwa umeshika. Uchunguzi wa sikio kwa kawaida haufiki dakika. Sisi tuliweka kwamba kisijisawazishe kamwe pande zote mbili zikiwa zimeshikwa, mpaka dakika tatu zipite.

Mpini wenyewe unabeba pia kichwa cha ofthalmoskopu, cha kutazamia ndani ya jicho, na hapo mshiko ni mwingine. Kidole cha shahada kiko juu kwenye gurudumu la lenzi, kinazungusha muda wote, kwa hiyo mpini unabaki kwa vidole vitatu na kiganja. Hilo lilifaulu bila kubadilisha kitu. Kilichotushinda kwanza ni mwanga. Taa ikiruka ghafla kwa nguvu zote, mboni ya mgonjwa inajifunga na mlango unaotaka kuchungulia unafungwa. Kwa hiyo inapanda taratibu kwa muda wa sekunde moja, ikianzia chini. Na pete tukairudisha, sasa kwa kazi ya kuongeza na kupunguza tu. Nilikuwa nimeiondoa kwa kiburi cha fundi anayependa uso laini. Kuwasha na kupunguza ni kazi mbili, na pete ilikuwa inafanya ya pili vizuri siku zote.

Jirani zake

Kabla ya kusifu kihisi chetu, ni haki kutazama vifaa vilivyolitatua jambo hili bila kihisi chochote. Laringoskopu, ile ya kuingizia mpira wa kupumulia kooni, haina swichi kabisa. Ukiufungua ulimi wake wa chuma mpaka ukaingia mahali pake, taa inawaka. Ukiukunja, inazima. Huwezi kuitumia bila kuifungua, na huwezi kuihifadhi vizuri bila kuikunja. Kitendo cha kazi ndicho swichi. Mpaka leo naona huo ni ubunifu bora kuliko wangu, na mtu akiniambia niweke kihisi cha kugusa kwenye laringoskopu nitakataa. Pale giza la sekunde tatu lina uzito mwingine kabisa, na mikono ina mate na damu.

Seti za ukutani nazo, ambazo utaziona kwenye kliniki zenye fedha, zinawasha mpini ukitolewa kwenye kikombe chake na kuuzima ukirudishwa. Ni nzuri pale chombo kina chumba chake. Kwetu otoskopu moja inahudumia vyumba vitatu na wodi ya watoto, na inasafiri mfukoni. Kikombe cha ukutani kingekuwa mapambo.

Na kuna Arclight, iliyotoka Chuo Kikuu cha St Andrews huko Uskoti: kidude cha mfukoni chenye LED, kinachochajiwa kwa jua, kinachofanya kazi ya ofthalmoskopu na otoskopu. Waliokibuni hawakuhangaika na swichi ya mpini mkubwa. Waliuondoa mpini mkubwa.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nirudi kwenye hesabu ambayo ningepaswa kuifanya siku ya kwanza. Balbu yetu ya halojeni ilikuwa inavuta kama ampea 0.7. Betri ya alkalini ya ukubwa wa C inabeba kama ampea-saa 8 kwa mzigo mdogo, na pungufu sana kwa mzigo mkubwa hivyo. Ikisahauliwa Jumamosi usiku, alfajiri ya Jumapili haipo. LED inayofaa, pamoja na saketi ya kupandisha volti (betri mbili zikichoka haziifikii volti 3 inayotakiwa), inavuta karibu miliampea 40. Kwa saa 33 zile zile ni ampea-saa 1.3, sehemu moja ya sita ya betri. Yaani kubadilisha balbu peke yake kungegeuza msiba wa kila Jumatatu kuwa usumbufu wa mara moja moja, bila kihisi, bila kichipu, bila bomba la PVC. Na kihisi chetu kikisubiri usiku na mchana kwa mikroampea 10 kinakula kama miliampea-saa 88 kwa mwaka mzima, kiasi cha kupuuza.

Mama alipolisikia hilo aliguna tu.

Lakini LED nayo si ya kuokota. Ya kwanza tuliyoiweka ilikuwa nyeupe ya buluu, aina ya tochi za barabarani, na tabibu alipotazama sikio la mwenzake aliyekuwa na mafua alisema kiwambo kina rangi ya majivu. Chini ya halojeni kilikuwa chekundu. LED za bei ya chini zina upungufu katika rangi nyekundu, na katika sikio wekundu ndio habari yenyewe: ndio unaotofautisha sikio lenye maambukizi na sikio salama. Tulitafuta LED ya mwanga wa vuguvugu yenye uhalisi wa rangi zaidi ya 90 kwa mia. Ilikuwa kifaa ghali kuliko vyote ndani ya mpini.

Kikiharibika

Swali ambalo viwango vya kimataifa vinakulazimisha kuuliza, ISO 14971 hasa, kile cha kudhibiti hatari za vifaa tiba, ni hili: kikifa, kife kikiwa wapi? Kihisi chetu kinaweza kufa kikiwa kimezima au kimewaka. Kwa mpini huu tulichagua kwamba saketi ya kihisi ikikaa kimya, mtumiaji akizungusha kifuniko cha chini robo mzunguko, betri inaunganishwa na LED moja kwa moja. Giza lisiwe na neno la mwisho. Betri zikiisha kwa sababu hiyo, basi tumerudi kwenye Jumatatu ile, tunaijua.

Upimaji wa usugu dhidi ya mawimbi na cheche za umeme tuli, ule wa kiwango cha kimataifa cha IEC 60601-1-2 unaotaka kilovolti 8 kwa mguso na 15 kupitia hewa, karakana yetu haina vifaa vyake. Kihisi cha kapasitansi ndicho kitu cha kwanza kulia kwenye upimaji huo, kwa kuwa kazi yake nzima ni kusikia chaji ndogo. Tulichoweza ni kusugua blanketi la sufi na kushika mpini, na kuweka simu inayopiga ubavuni mwake. Hilo si upimaji, ni kubahatisha. Kwa hiyo mpini huu haujaingia kwa mgonjwa na hautaingia kwa hali hii. Uko chumba cha mafunzo, kwenye sikio la mpira.

Usafi ulitupa kazi ambayo sikuitarajia. Wauguzi hapa wanafuta kwa klorini ya asilimia 0.5, ile ya kuchanganya jik na maji, na kromu inachukia klorini: kwanza madoa, halafu vishimo. Gamba la PVC liliivumilia bila shida. Ulioshindwa ni ule ukanda wa chuma wa kiganjani, ambao ndio unaokamilisha njia ya kihisi. Baada ya wiki chache ulikuwa na kutu kwenye kona na mwitikio ukaanza kuyumba. Sasa ni wa stenlesi, na kiungo chake na plastiki kimezibwa kwa gundi ya epoksi, lakini bado nakikagua kila Ijumaa kwa kucha.

Kuna kitu kimoja tulikiongeza mwishoni, baada ya kuwatazama wauguzi kwa siku kadhaa. Kila aliyechukua mpini, gumba lake lilikwenda shingoni kutafuta kile kitufe cha zamani, halikukikuta, likawa linatangatanga, na mshiko ukalegea mpaka upande mmoja wa bamba ukapotea. Taa ikachelewa. Badala ya kubadilisha programu kwa mara ya ishirini, nilimimina tone la epoksi mahali pale pale, nikalichonga kama kitufe. Hakina waya wala kazi. Gumba linafika, linatulia, vidole vingine vinakaa mahali pake, taa inawaka. Mama aliukamata, ukawaka, akaulaza kwenye bakuli la figo, akahesabu kwa sauti mpaka tatu.

"Haya," akasema, akaenda kuita mgonjwa anayefuata.